Mashine ya 40 ya baba mdogo na hizi ndege zisizoonwa kirahisi na rada

Juzi jioni tumekaa pale Kibirizi, huku Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, stori ikaangukia kwenye ndege za kivita, kijana mmoja ana video ya F-35 ya Marekani, ile ndege isiyoonwa kirahisi na rada, kwenye simu, akasema na sisi tununue hata sita tu, mbona Waganda walinunua ndege za kivita sita aina ya Sukhoi kwa Mrusi, basi kila mtu akaanza kuongea kwa wakati mmoja. Mi pale nilinyamaza ila nimelala nayo hiyo stori.

Baba mdogo aliwahi kununua mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, wenzie wote wana za 15. Siku inaingia watu walitoka majumbani kuja kuiangalia. Mwezi haujaisha petroli ikaanza kumla, yani anarudi na dagaa wazuri kabisa lakini akitoa mafuta, akitoa hela ya vijana, kinachofika kwa mama mdogo hakieleweki. Alafu kikafa kifaa kimoja kidogo, kinakaa kiganjani, Kigoma nzima hakuna, Dar akaambiwa mpaka kiagizwe nje. Akaifunika turubai chini ya mwembe. Kuna siku nimeifunua nikakuta kuku anatagia pembeni ya propela.

Hizo ndege ndo hivohivo. F-35 moja inacheza kwenye dola milioni 80, lakini kuirusha saa moja tu ni zaidi ya dola 30,000, na wakaguzi wa Marekani wenyewe mwaka 2023 walisema kwenye kila 100 ni kama 55 tu ndo zilikuwa tayari kwa kazi, zingine zinasubiri spea na mafundi. Na hao ndo wanaozitengeneza jamani!

Waswisi walipiga kura ya wananchi 2020, pesa ya ndege ikapita kwa asilimia 50.1, wakachagua F-35 36 wakiamini bei imeshafungwa, 2025 Marekani ikawaambia lazima waongeze hela. Uturuki ndo kabisa, walikuwa wanatengeneza hadi baadhi ya vipuri vyake, 2019 wakatolewa kisa wamenunua mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 ya Mrusi. Sasa unanunuaje nyumba alafu funguo anabaki nazo aliekuuzia?

Mzee mmoja pale alisema silaha kazi yake kwanza ni kutisha. Ni kweli, hii meli yetu ya Liemba ya hapa ziwani enzi za Mjerumani ilikuwa meli ya vita, Graf von Götzen, mzinga wake mkubwa ukang'olewa ukapelekwa kwingine, wakaweka wa mbao, na Waingereza bado waliogopa kuisogelea. Ila Wabelgiji wakaja kwa nchi kavu, na Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao.

Sisi wa huku tunachoogopa hakiji na ndege. Kabla mjadala haujaisha uliingia mtumbwi unapigwa makasia toka mbali, tukajua tu. Vijana wanne, wameloa, hakuna anaeongea, pale nyuma mashine ilipofungwa kumebaki alama za boliti. Wamekutana na watu wenye bunduki katikati ya ziwa usiku. Boti mbili za doria zenye mafuta ya mwezi mzima na redio inayoshika zingewafikia wale wenye bunduki, na hizo ndo ninazoomba zinunuliwe kabla ya kitu chochote chenye mabawa.