Mpigo mpana, pedi kubwa: paja langu lilivyoamka

Wiki tatu baada ya upasuaji wa goti la kushoto, paja langu lilikuwa limenywea hadi suruali ya kazini ikapwaya upande mmoja. Nikiambiwa "kaza paja, mwalimu", nilikaza mwili mzima, mpaka meno, na pia ya goti haikusogea. Goti likishavimba, amri zinazoufikia msuli wa mbele wa paja hupungua hata ukitia bidii namna gani. Ndiyo maana nikaandikiwa mashine ya umeme, ile inayoukaza msuli kwa mipigo midogo ya umeme kupitia pedi zinazobandikwa kwenye ngozi.

Mahali pa kwanza nilipohudumiwa walijua kitufe kimoja tu. Walibandika pedi mbili ndogo, wakapandisha mkondo mpaka niseme basi. Nilisema basi nikiwa nimeng'ata kola ya shati. Ngozi iliwaka kama nimekalia siafu, na msuli ulicheza kidogo tu. Nikaambiwa nivumilie, dawa ni chungu. Nilirudi mara mbili, nikaacha. Wiki mbili zikapotea hivyohivyo, na hadi leo zinaniuma.

Dada wa fiziotherapia aliyenipokea baadaye, hapa Moshi, hakuanza na mkondo. Alininyoa nywele za paja, akaipangusa ngozi kwa kitambaa chenye maji, akatoa pedi pana kama kiganja. Moja aliiweka juu upande wa nje, nyingine chini upande wa ndani, karibu na goti. Umeme uleule ukitandazwa kwenye eneo kubwa hauchomi. Akanionyesha pedi kuukuu iliyokauka gundi pembeni: inashika sehemu ndogo tu, basi umeme wote unapita hapo, na hapo ndipo siafu wangu walipotoka.

Kisha akagusa upana wa mpigo, yaani muda ambao kila mpigo wa umeme unadumu. Ulikuwa mikrosekunde 100, akaupeleka 300. Mimi nafundisha fizikia. Chaji ni mkondo mara muda, nimeiandika ubaoni miaka yote hii. Miliampea 40 kwa mikrosekunde 100 ni mikrokulombi 4. Kwa 300 ni 12. Mkondo haukupanda hata kidogo, lakini mishipa ya fahamu mingi zaidi iliitika na paja likajaa chini ya kiganja changu. Alinionya kwamba kurefusha mpigo kupita kiasi nako huanza kuamsha mishipa ya maumivu, kwa hiyo hatukuendelea kupanda.

Hezi, yaani idadi ya mipigo kwa sekunde, nazo zina habari yake. Kwenye 10 msuli ulitetemeka, mpigo mmojammoja ukihesabika. Kwenye 50 mitetemo iliungana, ukawa mkazo mmoja ulionyooka. Nikamwomba tujaribu 80. Ulikaza vizuri mara ya kwanza, lakini kufikia mara ya tano ulikuwa umeshalegea. Unapokaza mwenyewe, mwili hupokezana nyuzi za msuli: hizi zikifanya kazi, zile zinapumzika. Umeme huziita zilezile, zote kwa pamoja, kila mara. Lazima zichoke mapema.

Kwa sababu hiyo mapumziko ni marefu: sekunde 10 za kukaza, 50 za kupumzika, mara 10. Mpango huu ulipata umaarufu miaka ya 1970 kwa mtafiti wa Kisovieti Yakov Kots. Na mkondo haujitupi ghafla, unapanda taratibu kwa sekunde 2. Hizo sekunde 2 ndizo zilizoniondolea woga, kwa sababu mwili unapata nafasi ya kujiandaa badala ya kushtuka.

Mwenye betri ya moyo asiguse mashine hizi bila idhini ya daktari wake. Mjamzito naye aulize kwanza.

Siku ya sita tulikuwa kwenye miliampea 46. "Kaza pamoja nayo, mwalimu, usiiachie ifanye peke yake," akasema. Nilikaza. Pia ya goti ikapanda juu kama upana wa kidole, mkunjo wa ngozi ukajitokeza, na kisigino kikanyanyuka kitandani, mguu umenyooka. Umeme ukakata. Kisigino kikabaki juu, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, kabla hakijashuka.

Dada alikuwa ameshika daftari lake, hakuandika. Aliweka kiganja juu ya paja akasema, "Huyu sasa ni wewe."