Nilivyolitafsiri neno vantage nikaachana na "faida"

Ukiambiwa maneno ya Kiingereza vantage na advantage yote ni "faida", usikubali haraka. Mimi nilikubali, ikanila karibu siku mbili kwa sentensi moja: mlinzi amekaa kwenye vantage point juu ya kilima. Nikaandika "sehemu ya faida". Nilipoisoma kwa sauti, ilikuwa kama yule mlinzi yuko pale kufanya biashara. "Sehemu yenye manufaa" haikusaidia, maana hata kisima kina manufaa. "Mahali pazuri" ndiyo ilinikera zaidi, kwa sababu haisemi kwamba aliyeko pale anaona kabla hajaonekana, na hilo ndilo neno zima.

Kilichonitoa ni asili yake. Kwanza toa ile d ya advantage, haikuwa yake. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, avantage, na avant ni mbele au kabla. Nayo imetokana na abante ya Kilatini cha baadaye, yaani ab (kutoka) na ante (mbele) zilizounganishwa. Karne ya 16 waandishi wakaiona ile a ya mwanzo wakadhani ni mabaki ya ad, kiambishi cha Kilatini chenye maana ya "kwenda kwa", wakachomeka d. Kwenye adventure walipatia, kwani kweli mna ad ndani yake. Kwenye advance na advantage walikosea, na kosa likabaki hadi leo. Vantage ni avantage iliyokatwa a, na ilikatwa mapema, kabla ya d kuingia. Vanguard, kikosi cha mbele, nayo ilikatwa vivyo hivyo kutoka avant-garde.

Basi kiini ni kuwa mbele. Faida huja baadaye, ikija. Angalia tenisi. Wakiwa 40 kwa 40, anayepata pointi inayofuata ndiye mwenye advantage, lakini gemu bado hajaichukua, na akipoteza pointi moja wanarudi sare. Mimi huandika "yuko mbele kwa pointi moja". Kwenye mazungumzo ya biashara au mgogoro, "ameshika mpini" inatosha, msomaji anajua mwenzake ameshika makali. Kumfanyia mtu hivyo kwa ubaya ni "kumtumia". "Kuchukua faida ya mtu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Faida ibaki kwenye faida na hasara, hapo ni kwake.

Kuhusu mlinzi wangu, jibu lilikuwa shambani. Ulingo, kabla ya ndondi na siasa kulichukua neno, ni jukwaa la miti analokaa mtu wa kuamia ndege, yaani kuwafukuza, kwenye mpunga au mtama. Linainuliwa juu ya masuke ili ndege waonekane wakiwa bado angani. Likiwa fupi, unawasikia tu wakiwa wameshatua. Ila ulingo peke yake ungempeleka msomaji kijana kwenye ngumi, kwa hiyo nikauwekea bonde chini yake. Sentensi iliyokwenda kwa mhariri ni hii: "Mlinzi alikaa kileleni kama aliye kwenye ulingo wa shamba, akiliona bonde lote kabla ya yeyote kumwona."