Lori limeacha kupiga yutani Kibokoni

Imekubali! Njia ya kuzoa taka Mji wa Kale wa Mombasa, iliyotoka kwenye kompyuta yangu jana usiku, inapita kila mtaa niliouwekea alama, kuanzia Ndia Kuu hadi ndani kabisa ya Kibokoni, na lori la taka haliambiwi tena ligeuke katikati ya kichochoro. Zimebaki yutani za vichochoro visivyo na pa kutokea tu.

Hesabu yenyewe ni ya Guan Meigu, Mchina aliyeuliza mwaka 1960 tarishi apite vipi kila mtaa kwa mwendo mfupi. Mitaa yote ikiwa ya pande mbili, unaoanisha makutano ya witiri (yale yenye idadi ya mitaa isiyogawika kwa mbili) kama walivyofanya Edmonds na Johnson mwaka 1973, kwisha. Ikiwa yote ni ya upande mmoja, pia haisumbui. Ugumu unaanza ukichanganya, na kisiwa chetu ni mchanganyiko mtupu. Hata hivyo, kilichoninyima usingizi si mchanganyiko, ni kugeuza.

Kwa NetworkX, maktaba ya Python ya hesabu za mitandao, kuingia kichochoroni, kufika mwisho na kurudi palepale ni mita tu. Muulize dereva: nyuma yake kuna mkokoteni wa maji, ubavuni baraza ya watu, na taniboi ashashuka kumwelekeza apige rivasi. Nikaupandishia mtaa gharama, wapi! Gharama ya kugeuka si ya mtaa mmoja, ni ya mitaa miwili inayofuatana. Lori lilikuwa likiukwepa mtaa linapopita njia, na likifika siku ya kuzoa linageuka vilevile.

Dawa ilikuwa kuipindua ramani. Kila mtaa wa kuzolewa sasa ni nodi, yaani kituo cha kufikiwa, na wa pande mbili ni nodi mbili, moja kwa kila uelekeo. Umbali kati ya nodi unajumuisha kona: yutani nimeipa gharama ya dakika kumi, na kukata kulia kunazidi kukata kushoto, kwa kuwa huku twaendesha kushoto. Kisha OR-Tools, programu ya Google ya kutafuta njia nzuri, inaambiwa ichague nodi moja tu kati ya zile mbili. Adhabu yake ni jedwali la umbali kufura: mitaa 200 ya pande mbili ni nodi 400, yaani nambari 160,000. Laptopu yangu ililia feni.

OR-Tools naipenda, lakini kwenye njia za magari haikwambii jibu lako liko mbali kiasi gani na lililo bora. Unaamini tu. QGIS, programu ya ramani, kwa kuchora mishale sina la kuilaumu. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inajua mtaa uko wapi, ila upana mara nyingi haujaandikwa, kwa hivyo niliingia mwenyewe na futi kamba. Mzee mmoja barazani akaniuliza, “Mwanangu, mwapima mukitaka kubomoa?” Nikamwambia, “La babu, ni hesabu za taka.” Hakuonekana kuridhika.

Mpango ulikuwa sasa niongeze ujazo wa lori, lile tatizo la Golden na Wong la 1981 ambapo gari lina kikomo cha mzigo, na safari za kuvuka daraja la Nyali kwenda kumwaga kwenye jaa la Mwakirunge. Nimeuweka kando. Nikiwa na ile futi kamba nilipishana na hamali akigeuza mkokoteni wake papo hapo, bila kelele, mahali ambapo lori lingekwama. Kwa nini basi lori liingie? Vichochoro vyembamba nivitoe kwenye orodha yake, mikokoteni ivizoe na kuleta taka vituoni kandokando ya Digo Road, lori lipite barabara kubwa tu.

Na hapo limezuka jingine. Hamali aliyesheheni akipanda kutoka Bandari ya Kale hatumii nguvu sawa na anayeshuka, kwa hivyo mtaa huohuo una gharama mbili. Hilo ni tatizo la tarishi wa upepo, la Minieka, 1979, na Guan yuleyule alionyesha mwaka 1984 kwamba kwa ujumla ni gumu kama ule mchanganyiko. Faili jipya nishalifungua. Kwanza natafuta data ya miinuko ya Mji wa Kale isiyohesabu mapaa ya nyumba kuwa ardhi. Mwenye nayo aniambie.