Kadi ya waifai imenitoa jasho

Jana usiku hapa Shangani, Mtwara, nimejitosa: nimebadilisha kadi ya waifai ya laptopu mwenyewe. Ile ya zamani ilikuwa inashika mtandao nikikaa ubavuni mwa rauta tu. Nikihamia barazani, kwaheri.

Kufungua kava la chini si kazi, bisibisi tu. Nikachomoa betri kwanza. Kasheshe ni zile nyaya mbili za antena, nyeusi na nyeupe. Vichwa vyake kama punje ya mtama, na ukivikandamiza upande vinapinda. Nikavibonyeza kwa ukucha huku jasho linadondoka (joto letu mnalijua), mdogo wangu kanishikia tochi ya simu na kucheka. Mara ya nne, kach! Vikakaa.

Nawasha, waifai haipo! Kumbe kadi hii mpya, AX200 ya Intel, haina draiva (programu ya kuiendesha) ya Windows 7 iliyomo humu, inataka Windows 10 ya biti 64. Saa sita usiku hiyo. Nikapiga Windows upya kwa flashi ya jirani, nikaunga simu kwa waya wa USB nipate intaneti ya kupakulia draiva.

Hapa naandika nikiwa barazani. Bluetuthi nayo imefufuka, maana iko kwenye kadi hiyohiyo.