Gemu za VR za kazi za kawaida ndo zinanipumzisha

Jana usiku nimevaa miwani ya VR, ile inayokufanya ujione uko ndani ya gemu, nimeosha gari zima, ile vani ya mwanzo kwenye PowerWash Simulator, gemu ya kuosha vitu kwa mashine ya maji ya presha, kuanzia paa mpaka rimu, nikavua miwani kichwa chepesi kabisa. Mimi gemu za kukimbizana na mazombi zimenishinda, umetoka kazini umechoka halafu uje uvamiwe tena, hapana kwakweli.

Hii ya kuosha toleo lake la VR lilitoka Novemba 2023, na raha yake ni mikono. Ile ya kawaida unabonyeza tu, huku unashika mashine mwenyewe, pua za kubadilisha, yaani vile vichwa vya kutolea maji, ziko kiunoni kwenye mkanda unachomoa unayotaka, nyekundu inatoa maji membamba kama sindano, nyeupe inatandaza, unapitisha mkono taratibu na uchafu unaondoka mstari kwa mstari mpaka sehemu imeisha inamulika na kulia ting! Hiyo ting jamani. Kazi za maisha haziishagi, hii inaisha na unaiona imeisha.

Ukitaka utulivu zaidi nenda Real VR Fishing. Unasimama tu kando ya maji, unarusha ndoano, unasubiri, kontrola, kile kifaa cha kushika mkononi, ikitetemeka ujue samaki kagusa. Kusubiri kwenyewe ndo gemu.

Ila moyo wangu uko Puzzling Places ya 2021. Unaunganisha vipande vya majengo na sehemu za kweli, zilipigwa picha nyingi sana kila upande kisha kompyuta ikazigeuza kuwa umbo unaloweza kulishika. Kipande ukikiachia kinabaki kinaelea hapohapo, unakizungusha, unakisogeza karibu na jicho unaona mpaka ufa wa ukuta, halafu unajaribu kwa mwenzake, hakikai, unajaribu tena, kinanasa. Saa nzima inapita hujui.

Job Simulator ya 2016, ile ya kuigiza kazi kama za ofisini na jikoni, nayo nzuri, ila ina vituko vingi, hiyo ni ya kucheka sio ya kutulia.

Kwa mgeni wa VR, anza na hizi za kukaa au kusimama sehemu moja. Kichefuchefu kinakuja pale macho yanaona unatembea wakati sikio la ndani linajua umesimama, kwahiyo gemu isiyokutembeza ni salama zaidi, na ukianza kujisikia vibaya vua miwani hapohapo usijikaze. Na tafadhali usiegemee meza ya ndani ya gemu, mimi niliegemea nikaenda chini mzimamzima, goti liliuma wiki nzima, tangu siku hiyo naweka kiti cha kweli karibu kabla sijavaa.

Leo narudi kwenye vipande vyangu, kuna kona ya paa nimeiacha inaelea na nadhani nishajua inakaa wapi.