Karafuu kwenye kiti cha daktari wa meno

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Coventry, Uingereza, mdomo wazi, taa usoni. Gego moja lilininyima usingizi karibu mwezi mzima. Daktari alisafisha tundu, akakoroga dawa kidogo, akaanza kuliziba. Ndipo ikaja harufu ya karafuu. Karafuu yenyewe hasa, ile inayokereketa mpaka kooni. Machozi yakanitoka. Daktari akasita, akaniuliza kama naumia. Nikatikisa kichwa. Ningeanzia wapi kumweleza?

Nilikuwa barazani kwa bibi, kijijini kwetu Pemba, upande wa Wete, usiku, kandili inawaka. Watu wamezunguka chungu ya karafuu zilizochumwa mchana, wanachambua: unashika kishada, unakipitisha kiganjani, karafuu zinaangukia huku, vijiti vyake, makonyo, kule. Mie sichambui. Nimelaza kichwa pajani kwa bibi, shavu limevimba, na kidole chake kimo kinywani mwangu kinakandamiza pamba kwenye jino. Kidole kigumu, kimekwaruzika, kimekolea karafuu. Anasema neno. Neno lenyewe limepotea, lakini mtetemo wa sauti yake unapita kwenye paja lake unaniingia sikioni.

Bibi alifariki nikiwa darasa la tano. Miaka yote hii, nikiulizwa habari zake, nasimulia mambo mawili matatu yale yale, mpaka yamelainika kama sarafu iliyopita mikono mingi. Usiku ule haukuwemo. Sikuwahi kumsimulia mtu kwa sababu sikujua kuwa ninao.

Nilipofika nyumbani nilikaa kusoma hadi usiku wa manane. Dawa aliyotumia daktari huchanganywa poda ya zinki oksaidi na yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Hutuliza maumivu ya jino. Kwa hiyo yule daktari wa Coventry na bibi yangu wa Pemba walinitia dawa ile ile, mmoja kwa kifaa cha chuma, mwingine kwa pamba na kidole. Bibi hakujua neno yujenoli. Alijua karafuu ikipondwa na kuwekwa kwenye jino, mtoto hulala.

La pili nililolisoma ndilo lililonituliza. Tunachokiona, tunachokisikia na tunachokigusa hupita kwanza kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo, kiitwacho thalamasi, ndipo kisambazwe. Harufu haisubiri hapo. Kutoka puani inaingia kwenye sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu ya pua, na kutoka hapo hatua ni chache tu kufika amigdala, panapohusika na hofu na hisia kali, na hipokampasi, panapohusika na kumbukumbu. Basi ndiyo maana nililia kabla sijajua ninalia nini. Watafiti wameona pia kwamba kumbukumbu zinazoamshwa na harufu mara nyingi ni za kabla ya miaka kumi, ilhali zinazoamshwa na maneno huangukia zaidi kwenye ujana. Usiku ule wa kandili nilikuwa na miaka saba.

Na kwa mtoto wa Pemba, ingekuwa harufu gani nyingine? Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu. Msimu ukifika zinaanikwa uani, kwenye majamvi, pembezoni mwa barabara. Ukipita Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, harufu inakupokea kabla hujaona paa. Ukiwa huko huisikii hata. Umezama ndani yake.

Hapa wakati wa baridi harufu hulala. Hewa ikipoa, vitu havitoi mvuke wake kama kwenye joto, na pua nayo inakauka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na upweke nisioweza kuutaja. Nilidhani ni giza la saa kumi jioni. Sasa naamini sehemu yake ilikuwa pua. Kwetu kuna kunuka na kuna kunukia, kuna shombo la samaki, uvundo wa mwani uliooza, udi kwenye nguo za Ijumaa. Nilipanda basi asubuhi na pua yangu haikuambiwa kitu.

Niliwahi kujitibu. Mama aliniletea karafuu kwa mkono wa msafiri, nikazitia kwenye chupa, na kila nilipozidiwa niliifungua nikanusa. Wiki za mwanzo ilinipeleka nyumbani. Baada ya miezi ilinipeleka jikoni kwangu tu, kwenye dirisha lenye ukungu na mlio wa friji. Niliitumia mpaka ikahama. Tangu hapo chupa imefungwa, na karafuu za pilau nanunua dukani.

Binti yangu ana miaka sita. Kwake karafuu ni pilau ya Idi katika ghorofa hii, viatu vya wageni vimejaa mlangoni, radieta zinaunguruma. Zamani jambo hilo lilinihuzunisha. Siku hizi nikipika siku ya Idi namwita jikoni, namtilia karafuu mbili kiganjani, namwambia azisugue.

Jumapili nilimpigia mama. Nikamweleza jino, daktari, paja la bibi. Akanyamaza kidogo.

"Ulilia mpaka alfajiri, mwanangu," akasema. "Bibi yako hakukuweka chini. Karafuu zake zote zile tukamchambulia sisi."

Nikamuuliza bibi alikuwa akiniambia nini. Mama akaanza kujibu, mara nikasikia upepo kwenye simu na mtu anaita uani.

"Nitakupigia, mvua hiyo inakuja, karafuu ziko nje," akasema. Hakukata simu vizuri. Kwa dakika nzima nilisikia wakikunja majamvi, na karafuu kavu zikimiminwa guniani.