Mafuta ya jikoni hayangoji mkaguzi

Wenye hoteli hapa Nairobi, ripoti ya ukaguzi wa mazingira mnayopeleka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kila mwaka ni picha ya siku chache tu. Tangi la kunasa mafuta chini ya sinki hujaa ndani ya wiki.

Tumbukiza kijiti hadi chini, upime. Mafuta yaliyoelea na mashapo yaliyotuama kwa pamoja yakifika robo ya kina cha maji, safisha, hata kama mlisafisha juzi. Na msidanganyike na maji ya moto na sabuni nyingi! Huyeyusha mafuta, yakapita tangini, kisha yakaganda mbele kwenye bomba lililopoa. Hapo ndipo maji taka hufumuka barabarani na kuteremkia Mto Nairobi, halafu Mto Athi, hadi Mto Sabaki.

Dawa ni rahisi: futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, weka chujio kwenye sinki. Mafuta ya kukaangia yakishapoa, yatie kwenye mtungi wa lita 20, ufunge. Watengenezaji wa sabuni huyanunua. Kuzibua bomba la jengo zima, hilo ni gharama yako.